Mrejesho: Masaa 9 ya kusubiri ndege Lima

Wakuu, niliuliza kama masaa 9 ya mchana yanatosha kutoka uwanjani na kuona Lima, mji mkuu wa Peru. Yanatosha, ila baki Miraflores na Barranco, mitaa miwili ya pwani. Mji wa kale uache.

Kinachokula muda ni foleni. Uwanja uko Callao, mji wa bandari jirani na Lima, na gari hadi Miraflores linaweza kuchukua dakika 45 au hata 90. Jioni ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo anza kurudi masaa manne na nusu kabla ya ndege.

Anzieni Huaca Pucllana, piramidi ya udongo katikati ya nyumba za watu. Jumanne hufungwa. Tazama matofali kwa karibu: yamesimamishwa wima kama vitabu kwenye rafu, na nafasi kati yake, ili tetemeko liyatikise bila kuyabomoa. Ufundi wa zaidi ya miaka 1,000 huo!

Ceviche (samaki mbichi waliolowekwa kwenye ndimu) kula mchana, maana migahawa mingi ya samaki hufunga jioni. Kisha tembea Malecón, njia ya matembezi juu ya genge la bahari. Juni hadi Oktoba ukungu hutanda, beba sweta.