Je, alama ə inawakilisha sauti moja katika lugha zote?

Mwanafunzi wa Isimu:
Habari zenu, wanajukwaa. Katika masomo yangu ya fonetiki nimekwama kwenye irabu ya katikati iitwayo shwa, ambayo Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa huiandika [ə]. Kamusi za Uingereza hunukuu irabu ya neno "but" kwa ʌ, ilhali Merriam-Webster ya Marekani hutumia ə kwa neno hilohilo. Nimeikuta pia ə katika maandishi ya Kiazerbaijani na katika unukuzi wa Kiamhari. Je, ni sauti ileile kote huko? Na sisi wenye irabu tano tuitambueje?

Mkufunzi:
Ndugu muulizaji, tenganisha kwanza sauti, alama ya unukuzi na herufi ya tahajia, kwa maana utata wote unatokana na kuvichanganya vitu hivyo vitatu. Sauti [ə] hutamkwa ulimi ukiwa haukuinuliwa wala kushushwa sana, haukusogezwa mbele wala nyuma, na midomo imelegea. Tamka a ya Kiswahili, kisha inua taya taratibu bila kuuacha ulimi uelekee kwenye e wala o, utaifikia. Masikio yetu yamezoea kuipokea kama a, ndiyo maana dereva, kompyuta na namba yote yanaishia na a pale ambapo Waingereza hutamka [ə].

Kuhusu "but", kamusi zote mbili ziko sahihi. Katika matamshi ya Wamarekani wengi irabu hizo mbili, [ʌ] na [ə], zinakaribiana mno, hivyo Merriam-Webster huziandika kwa alama moja na kuuachia mkazo kazi ya kuzitofautisha: neno "abut" hunukuliwa \ə-ˈbət\. Ni lazima usome ufunguo wa matamshi wa kamusi kabla ya kulinganisha alama zake na za kamusi nyingine.

Mtafiti wa Lugha za Kisemiti:
Naongezea kuhusu lugha mbili ulizozitaja, kwa kuwa hapo wengi hupotea. Katika Kiazerbaijani ə ni herufi ya tahajia, nayo husomwa [æ], irabu ya mbele inayotamkwa kinywa kikiwa wazi. Alfabeti ya Kilatini iliporejeshwa mwaka 1991 sauti hiyo iliandikwa ä, na mwaka 1992 ə ikarudishwa.

Kiamhari kina mtego mkubwa zaidi. Wataalamu wengi wa lugha za Ethiopia huandika ə kwa irabu ya safu ya sita ya hati yao (katika hati hiyo kila konsonanti ina safu ya maumbo, umbo moja kwa kila irabu), irabu ambayo kifonetiki ni [ɨ], yaani ulimi uko juu zaidi. Na irabu ya safu ya kwanza, ambayo ndiyo hasa inayokaribia [ə], wao huiandika ä. Anayezisoma alama hizo kwa mazoea ya alfabeti ya kimataifa atakosea irabu zote mbili kwa pamoja, na uchambuzi wake wote wa silabi utaharibika.

Mwanafunzi wa Isimu:
Nashukuruni sana. Je, ni kweli kwamba shwa haiwezi kubeba mkazo?

Mkufunzi:
Hiyo ni kanuni ya Kiingereza, si ya lugha zote. Katika Kiromania ă hubeba mkazo bila shida, kama katika "măr", yaani tufaha, na hutofautisha maana hata isipokuwa na mkazo: "masă" ni meza, na "masa" ni meza ile inayojulikana. Irabu ya Kibulgaria iandikwayo ъ, ambayo wengine huinukuu [ɤ] na wengine [ə], nayo hubeba mkazo, kama katika "път", yaani njia.

Mhariri wa Kamusi:
Jambo moja la kiufundi kwa atakayeandika tasnifu: katika kompyuta kuna herufi mbili ndogo zinazofanana kabisa. Ile ya Kiazerbaijani, ambayo pia ndiyo alama ya kifonetiki, ina herufi kubwa Ə. Ile ya Kikanuri cha Nigeria ina herufi kubwa Ǝ. Ukizichanganya, utafutaji wa maneno katika data yako utaruka baadhi ya mifano bila kukuonya.