Mjadala: Je, kishikwambi kiachiwe kupima usomaji wa watoto wa madarasa ya chini?

Hoja iliyo mezani: darasa lenye vishikwambi liache utaratibu wa mtoto mmoja mmoja kumsomea mwalimu kwa sauti, na maendeleo yake yachukuliwe kwenye ripoti ya programu.

Fundi Programu: Naunga mkono. Watoto 40, kila mmoja dakika 4 pamoja na maswali, ni dakika 160, na muda wote huo 39 hawana mwalimu. Ndiyo maana wengi hupimwa mara moja kwa muhula, na aliyekwama mapema anagundulika muhula ukiwa umekwisha. Programu hupima kila siku, haichoki, wala haina kipenzi.

Chaki: Inapima nini lakini? Ripoti nyingi huhesabu majibu ya kuchagua. Chaguo zikiwa 4, asiyejua hata herufi moja atapatia kama robo ya maswali kwa kubahatisha. Programu ikimruhusu kurudia mpaka apatie, utaona 100%. Mwenye kutumia ripoti hizo ahesabu jaribio la kwanza tu, tena aangalie muda: mtoto anayeanza kusoma, akijibu ndani ya sekunde moja, sentensi hajaisoma.

Fundi Programu: Hayo ni ya mpangilio, yanarekebishika. Na siku hizi zipo zinazomsikiliza mtoto akisoma.

Mwambatano: Hizo ndizo za kuangalia kwa makini zaidi. Mifumo mingi ya kutambua usemi imefunzwa kwa sauti za watu wazima. Mtoto wa miaka 7 ana sauti nyembamba, anakata silabi (wa-li-m-so-me-a), anarudia neno, na nyuma yake darasa zima linanguruma. Akisoma “alikula… alikuja”, mashine inaweza kuandika kosa, wakati mpimaji huhesabu kujisahihisha kuwa sahihi, na kwa haki, maana ni dalili kwamba anafuatilia maana. Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana: mfumo unaoijua hadithi huvutwa na neno unalolitarajia. Mtoto asome “mbuzi anakula majini”, wenyewe uandike “majani”. Anayebahatisha anapewa alama za msomaji.

Mpimaji: Ndugu zangu, mnabishana kana kwamba kishikwambi lazima kiwe mkononi mwa mtoto. Kwenye EGRA, upimaji wa stadi za awali za kusoma ulioanza kuandaliwa mwaka 2006, mtoto husoma kwenye karatasi na kifaa hushikwa na mpimaji. Programu kama Tangerine hupima sekunde 60. Mpimaji anagusa kila neno lililokosewa, na muda ukiisha anagusa neno la mwisho kusomwa. Kwenye kipengele cha herufi, mtoto akikwama sekunde 3, anaelekezwa inayofuata. Herufi 10 za mstari wa kwanza zote zikimshinda, kipengele kinasitishwa, hakuna haja ya kumtesa.

Hesabu yenyewe: maneno yaliyosomwa, toa makosa, zidisha kwa 60, gawanya kwa sekunde zilizotumika. Aliyemaliza maneno 60 kwa sekunde 50 akiwa na makosa 5 amepata 66 kwa dakika. Ukisahau kuandika zile sekunde 50, unamrekodi 55, na wanaoumia na kosa hilo ni wasomaji wenye kasi tu.

Chaki: Na hiyo 66 isilinganishwe na viwango vya Kiingereza. “Hatukumwambia” ni neno moja kwetu, kwao ni manne au matano.

Fundi Programu: Sawa, lakini mwalimu bado anatumia zile dakika 160.

Mpimaji: Watoto 5 kwa siku, siku 8, dakika 20 kila siku. Badili kifungu kila duru. Kikirudiwa kilekile, utapima kumbukumbu. Ongeza maneno yasiyo na maana, mfano “zeku” au “dapo”, umnase aliyekariri.

Mwambatano: Kasi pekee haitoshi. Tahajia yetu inafuata sauti, kwa hiyo mtoto anaweza kutiririka bila kuelewa chochote. Maswali 5 baada ya kifungu, na angalau moja liwe la “kwa nini” ambalo jibu lake halijaandikwa. Kuandika nako kupimwe kwa imla ya penseli. Kwenye kishikwambi, kisahihishi na kibodi inayokamilisha maneno huficha udhaifu wote. Hata ukivizima, mtoto mdogo anatumia muda kutafuta herufi. Karatasi inakuonyesha aliyeandika “goma” badala ya “ngoma”. Huyo anahitaji somo la herufi mwambatano, yaani konsonanti zinazoandikwa pamoja kama “ng”, si hadithi zaidi.

Fundi Programu: Basi nipeni angalau kurekodi sauti.

Chaki: Hapo nakubali, tena kwa moyo mweupe. Walimu wawili wasahihishe rekodi moja kila mmoja kivyake. Wakitofautiana kwa zaidi ya maneno mawili matatu, wakae wakubaliane kosa ni lipi kabla ya kuendelea na darasa. Kinasa sauti kiwe karibu na mdomo, nje ya chumba chenye kelele. Wazazi waombwe ridhaa, na rekodi zifutwe muhula ukiisha.

Fundi Programu: Zikifutwa, mwaka ujao utalinganisha na nini?

Mpimaji: Na karatasi ya makosa, neno kwa neno. Hiyo haifutwi.