Naomba ushauri: dirisha la tausi kutoka Bungamati litapita uwanja wa ndege Kathmandu?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa.

Niko Nepal, nimepanga chumba Patan, mji ulio jirani na Kathmandu, nimebakiwa na siku tatu. Jana nilishuka Bungamati, kamji ka Wanewari, wenyeji wa bonde la Kathmandu, kusini ya hapa. Kimya kweli: kuku, nafaka imeanikwa uani, na hekalu la mungu wao wa mvua, Rato Machhindranath, lililoangushwa na tetemeko la Aprili 2015. Karibu kila kibaraza unasikia patasi. Mzee mmoja ameketi kwenye mkeka, kipande cha mti amekibana kwa nyayo, anachonga manyoya ya tausi mmoja mmoja. Mimi ni wa Lamu, milango ya nakshi nimezaliwa nayo, lakini pale nilisimama nusu saa.

Basi nikanunua dirisha dogo la mbao, mfano wa lile maarufu la kuchongwa tausi lililoko mji wa Bhaktapur. Shida ni kwamba wamelipaka rangi ya moshi, linaonekana la kale. Najua vitu vilivyozidi miaka 100 haviruhusiwi kutoka nchini. Muuzaji kaniandikia risiti ya mkono tu. Mwenye nyumba anasema inatosha. Dereva anasema nitanyang'anywa.

Waliowahi kusafiri na mbao za hivi: mlipata kwanza cheti cha Idara ya Mambo ya Kale kwamba kitu si cha kale, na kilichukua muda gani?

Halafu, kama kinatoka siku hiyohiyo, nilale mji wa Panauti usiku mmoja nione hekalu la Indreshwar, au nirudi Bungamati kwa yule mzee? Moyo uko kwa mzee, nisiwafiche.