Walzi, foksitroti, tango au rumba: wanaoanza dansi ya ukumbini waanze na ipi?

MwendoPole
Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tumejiandikisha kujifunza dansi ya ukumbini. Hatujawahi kucheza kwa kushikana maisha yetu yote. Mwalimu ametuambia tuchague dansi moja ya kuanzia kati ya walzi, foksitroti, tango na rumba. Mke wangu anaitaka tango kwa ajili ya muziki wake. Mimi navutiwa na foksitroti, maana nikiitazama naona kama ni kutembea tu. Wenye uzoefu tusaidieni, ipi itatujenga na ipi itatuvunja moyo mapema?

DadaHatua
Karibuni sana, kaka. Nimecheza miaka 11 na jibu langu ni walzi. Mipigo yake ni mitatu na kila mpigo una hatua yake: wa kwanza unatoka mbele, wa pili unakwenda pembeni, wa tatu unafunga miguu. Huo wa tatu ndio shule yenyewe. Ukifunga miguu bila kuhamishia uzito wote kwenye mguu uliofika sasa hivi, mpigo unaofuata hutajua utoke na mguu upi, na mwenzio anayekufuata hatajua pia. Wengi hukwama hapohapo, macho kwenye viatu.
Kasi nayo ni ya huruma, mipigo 84 hadi 90 kwa dakika. Msiichanganye na walzi ya Vienna inayofika karibu 180, hiyo iacheni kwanza.
Na mkiona leo ndiyo dansi ya heshima kuliko zote, jueni haikuanza hivyo. Ilitokana na ngoma za vijijini za Austria na kusini mwa Ujerumani, na mwanamume kumshika mwanamke kifua kwa kifua mbele za watu kulionekana aibu. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliishambulia waziwazi. Huwa nafurahi kila nikikumbuka hilo.

Kisigino
Mkuu MwendoPole, hapo kwenye foksitroti usidanganyike na macho. Ukimwona mtu anaicheza kama anatembea, ujue ameifanyia kazi miaka. Kwenye walzi miguu hufungana na unapata pa kutulia. Kwenye foksitroti ya mashindano miguu inapitana tu, na hatua moja ya polepole inachukua mipigo miwili mizima huku mwili ukiendelea kusogea bila kusimama. Ilinichukua miaka minne mwenzangu kuacha kuniambia namsukuma.
Jina lake huhusishwa na Harry Fox, msanii wa majukwaa ya New York, mwaka 1914. Mwanzoni ilikuwa ya kurukaruka. Vernon na Irene Castle, mume na mke wacheza dansi, wakailainisha na kuieneza, kisha Uingereza ikagawanyika: ya haraka ikawa kwikstepi, ya polepole ikabaki na jina. Ipo pia foksitroti ya kawaida ya sherehe, polepole, polepole, haraka, haraka. Hiyo mnaishika kwa wiki chache, na kwenye ukumbi uliojaa watu ndiyo inayofaa.

Mtangoni
Namtetea shemeji. Tango haina kupanda na kushuka kama walzi. Magoti yanalegea kidogo na yanabaki hivyo, mguu unanyanyuliwa na kuwekwa, hauburuzwi. Anayeanza anapunguziwa mzigo mmoja mkubwa hapo.
Ila muulizeni mwalimu anafundisha tango ipi. Ile ya Buenos Aires na Montevideo ni ya kukumbatiana na kubuni hatua palepale, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Ya mashindano ilipitia Paris na London ikatoka na mkao mwingine kabisa, na vichwa vinageuka ghafla. Muziki unaompendeza mkeo huenda ni ule wa bandoneoni, kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kubana, yaani wa tango ile ya kwanza. Msipouliza mtalipia kitu ambacho hakukitaka.

Mpigo_wa_Pili
Mbona rumba mmeiruka? Dansi nyingine tatu zinazunguka ukumbi kinyume cha mwelekeo wa saa, na anayeanza anahangaika na hatua huku akikwepa kugongana na watu. Rumba haizunguki. Mnaifanyia mazoezi sebuleni, eneo la mkeka. Asili yake ni Cuba, na kwa mtindo wa mashindano hatua huanza kwenye mpigo wa pili, ambao sikio linakataa mwanzoni. Kiuno nacho hakitikiswi kwa makusudi: goti likinyooka baada ya uzito kufika, kiuno kinakwenda chenyewe. Anayekitikisa huonekana mara moja.

DadaHatua
Nakubaliana na wewe kuhusu nafasi. Ila hata rumba haitawanyookea kama hawajajua uzito uko mguu gani, na walzi ndiyo inayowafichulia hilo haraka.

MwendoPole
Ahsanteni wote. Jana usiku tuliisogeza meza tukajaribu mraba wa walzi, yaani hatua zile zikichora mraba sakafuni, mimi naanza na mguu wa kushoto. Mara tatu mfululizo nilifunga miguu kisha nikataka kutoka na kushoto tena. Mara ya nne mke wangu akanishika mabega akasema, "Subiri, bado umesimamia mguu wa kulia." Kweli, uzito ulikuwa bado huko. Tumeamua walzi kwanza, na tango anaiuliza kwa mwalimu wiki ijayo, ya bandoneoni. Viatu je, tununue vya aina gani?

Kisigino
Vyenye soli ya suedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo, vinateleza kwa kiasi na kukamata kwa kiasi. Msivikanyagie nje hata hatua moja, na nunueni brashi ya waya ya kuamsha soli ikianza kung'aa.