Naomba ushauri: mgonjwa wa TB, mfungo wa siku 21 na vidonge

Bwana asifiwe wapendwa. Kikundi chetu cha maombi hapa Nkuhungu, Dodoma, kinamwombea dada mwenye kifua kikuu. Yuko mwezi wa 2 wa dawa, kikohozi kimekata, na wapo wanaomwambia ameshapokea uponyaji, kuendelea na vidonge ni kutokuamini. Hapo ndipo wengi huanguka. Dozi ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Nafuu huja mapema, lakini vimelea vilivyolala bado vimo. Ukikatiza vinaweza kurudi vikiwa sugu. (Na ule mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, si pepo linatoka.) Mfalme Hezekia aliomba, na bado nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu, 2 Wafalme 20:7.

Kinachotusumbua ni mfungo. Danieli 10 inasomwa kama siku 21 bila kula, ilhali mstari wa 3 unasema Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai, si chakula chote. Nimependekeza wazima wafunge kwa zamu, yeye ameze dawa alfajiri, asubiri saa moja, kisha anywe uji wa uwele wenye karanga. Wazee wampake mafuta, Yakobo 5:14.

Sasa, mnamjibuje mzee anayesema kuomba jambo lilelile kila siku ni kukosa imani, wakati mjane wa Luka 18 alimrudia hakimu tena na tena? Na ushuhuda wa uponyaji je, tusubiri majibu ya makohozi ya mwezi wa 6?