Tumekaa miaka 7 bila ndoa, tukiachana nina haki gani?

mama_jr
Habari zenu wakuu, naomba kueleweshwa. Nimeishi na mwenzangu miaka 7, ndoa hatujafunga ya aina yoyote, tuna mtoto mmoja. Sasa hatuelewani kabisa na anasema nyumba ina jina lake kwahiyo niondoke na nguo zangu. Wakati inajengwa mimi ndo nilikuwa nalipa ada, chakula, umeme, yaani kila kitu cha ndani ili mshahara wake wote uende saiti. Watu wananiambia ukishakaa muda huo we ni mke tayari, ni kweli au maneno ya kijiweni?

kifungu_kidogo
Pole dada. Inategemea mnaishi nchi gani. Tanzania kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mkikaa miaka 2 au zaidi na watu wakawachukulia ni mume na mke basi mnahesabiwa mmeoana, ila hiyo dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi. England hata mkae miaka 30 hampati hadhi ya wanandoa.

Mzee_Kobe
Jina la mtu ni la mtu. Ndo maana tunawaambia fungeni ndoa hamsikii.

kifungu_kidogo
Sio hivyo mzee wangu, hata huko England aliyechangia nyumba, au mlikubaliana ni ya wote, anaweza kudai sehemu japo hayupo kwenye hati. Kazi ipo kwenye kuthibitisha, maana risiti ya simenti watu wanatunza, ya unga nani anatunza? Dada kusanya taarifa za benki, miamala ya simu na meseji za kipindi cha ujenzi, zihifadhi mahali asipofika.

shangazi_wa_wote
Na usikae sana mwanangu, kuna nchi dai lina muda wake, Scotland ni mwaka 1 tangu mtengane, Australia miaka 2. Matunzo ya mtoto hayo ni haki yake, hayahusiani na ndoa yenu, hayo usibembeleze.

mama_jr
Asanteni sana. Kuna meseji aliniandikia "nyumba yetu imefika kwenye lenta, mke wangu vumilia kidogo". Inasaidia?

kifungu_kidogo
Sana tu. Ipige skrinshoti namba yake na tarehe vionekane, na yenyewe usiifute kwenye simu, mpelekee wakili kabla hujahama hapo.

Mzee_Kobe
Haya, hapo kwenye "nyumba yetu" jamaa kajimaliza.