Samaki niliyemuokoa: ninunue hita au pampu ya hewa na sponji? (Arusha)

Sakina_Juu:
Wakuu habari za jioni. Nimechukua samaki kwenye ofisi iliyofungwa, walikuwa wanataka kumtupa. Hali yake mbaya: analala chini, mapezi kayabana mwilini, ana vidoa vyeupe. Bajeti yangu elfu themanini, inatosha kitu kimoja: hita ya wati 100, au pampu ya hewa pamoja na kichujio cha sponji. Baridi ya Julai huku mnaijua. Nianze na kipi? Na dawa je, chumvi au ile ya bluu?

fundi_pampu:
Mkuu, samaki gani? Jibu lote liko hapo. Kama ni goldfishi, hita si ya lazima. Nyuzi 18 hadi 24 anaishi vizuri, na maji yakishuka mpaka 15 taratibu hafi. Kama ni gapi, moli au beta, chini ya nyuzi 22 kinga inalegea, hapo hita inakuwa ya kwanza. Taja pia chombo kina lita ngapi, maji ni ya bomba, kisima au mvua, na hivyo vidoa viko sehemu gani ya mwili. "Vidoa vyeupe" peke yake havitupi kitu.

Mama_Tengeru:
Awe samaki gani, hewa kwanza. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa pale Dar yana oksijeni karibu miligramu 8.3 kwa lita. Hapa kwetu yanashika kama 7 tu kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ukiyapasha, inapungua tena. Samaki wa maji machafu matamvua yake tayari yameungua kwa amonia, ile sumu inayotokana na taka zake, hawezi kuvuta hata hiyo kidogo iliyopo. Kumpashia maji bila kumpa viputo ni kumkaba.

Kihamba_Moshi:
Dada Mama_Tengeru, sawa, ila kama vidoa ni ugonjwa wa madoa meupe hita ina kazi kubwa. Kile kidudu kikiwa ndani ya ngozi dawa haikigusi. Kinakufa pale tu kinapotoka kuogelea kutafuta samaki mwingine. Kwenye nyuzi 25 mzunguko mzima unaisha ndani ya siku nne mpaka saba, kwenye baridi unajivuta wiki kadhaa. Ndiyo maana watu wanaweka chumvi siku tano, vidoa vinapotea, wanashangilia, halafu vinarudi vimejaa mkia mzima. Mimi ningechukua hita, nipandishe nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa.

Sakina_Juu:
Asanteni. Ni goldfishi, mkia pacha, urefu kama kiganja bila vidole. Yuko kwenye ndoo ya lita 20 na maji yake ya kule kule, yana rangi ya chai. Kwangu natumia ya bomba. Vidoa viko kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ule mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Mwilini sioni. Halafu kingo za mapezi zina weusi ambao kwenye picha ya zamani ya ofisini haukuwepo.

fundi_pampu:
Basi weka hita pembeni, na dawa ya madoa usinunue. Washa tochi ya simu, mmulike kwa ubavu, si kwa juu. Vidudu vya madoa meupe vinakaa ovyo: mkiani, mgongoni, machoni, kama chumvi iliyomwagika. Vya huyo vimepangika kwenye vifuniko vya matamvua na ubavu wa mbele wa pezi la kifua, na ukisogea karibu utaviona vimechongoka. Huyo ni dume aliye tayari kuzaliana, hana ugonjwa hapo. Goldfishi wengi wanamwagiwa dawa kwa sababu ya udume wao.

Na weusi usikutishe. Ngozi iliyounguzwa na amonia inapoanza kupona hupata rangi nyeusi, inafifia yenyewe wiki zinazofuata. Maana yake alikuwa anaungua siku nyingi na sasa mwili umeanza kujiziba. Unachopaswa kuogopa ni mishipa myekundu kwenye mapezi, na magamba kusimama kama koni ya mvinje.

Kihamba_Moshi:
Kama vimekaa hivyo, nakubali, si ugonjwa. Lakini dawa ya bluu bado ningeiweka, inamlinda asipate ukungu kwenye vidonda.

Mama_Tengeru:
Kaka, dawa ya bluu na sponji haviishi chombo kimoja. Methilini bluu inaua bakteria wanaokula amonia, ndio hao hao anaokwenda kuwanunulia pampu. Inafaa kwenye beseni tupu, lisilo na kichujio, maji yakibadilishwa kila siku: miligramu 3 kwa lita. Myeyusho wa asilimia moja una miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo lita 60 zinataka mililita 18. Pima kwa sirinji. Kumimina mpaka rangi ipendeze si kipimo. Na jivii (GV), ile dawa ya zambarau ya vidonda ya duka la dawa, si mbadala wake ingawa zinafanana machoni. Dawa zote hizo mbili ziacheni kabisa kama hakuna kidonda kinachooza.

Nakazia jambo moja kuhusu kumhamisha, maana ndipo wengi wanapopoteza samaki. Kuna hoteli moja upande wa Usa River ilikuwa na tanki la goldfishi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji, likijazwa tu yanapopungua. Maji ya namna hiyo yanageuka kuwa na asidi, pH, yaani kipimo cha asidi, inashuka mpaka 6, na bakteria karibu wanasimama kazi. Amonia inajikusanya, ila kwenye asidi inakaa katika umbo la amoniamu lisilodhuru sana, kwa hiyo samaki wanaonekana wazima. Akaja meneja mpya, akaagiza usafi. Wakatoa nusu ya maji, wakajaza ya bomba moja kwa moja, sponji wakaisugua bombani mpaka ikawa nyeupe. Maji ya huku mengi yana magadi ndani yake, pH inapita 8 bila shida. pH ikipanda kutoka 6 kwenda 8, ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara mia, na ile nusu ya maji ya zamani ilikuwa bado imejaa. Klorini ya maji ya bomba nayo ikamaliza bakteria waliobaki kwenye sponji. Jioni samaki wakawa juu wanatweta, matamvua mekundu kama yamechubuliwa. Asubuhi tanki zima limekwisha. Wafanyakazi wakalaumu sumu ya panya. Hakukuwa na sumu ya panya, walikuwa wameitengeneza wenyewe kwa kusafisha.

Kihamba_Moshi:
Ndiyo maana asimhamishe ghafla. Adondoshee maji mapya kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, saa mbili.

fundi_pampu:
Hapo sikubaliani. Ukidondoshea maji ya pH 8 ndani ya ndoo yenye amonia, unafanya kile kile cha hoteli, polepole tu, na samaki yumo. Bora aandae chombo kipya pembeni, alinganishe joto lisitofautiane zaidi ya nyuzi mbili, amtoe kwa mikono iliyoloa, amhamishe bila tone la maji ya zamani.

Kihamba_Moshi:
Na mshtuko wa pH na chumvichumvi?

fundi_pampu:
Upo, na ni halisi. Ila amonia inaua usiku huo huo. Kama una wasiwasi, maji mapya yachanganye na ya mvua nusu kwa nusu, pH isiruke sana.

Mama_Tengeru:
Mvua kwa tahadhari, jamani. Bati jipya linatoa zinki, na zinki ni sumu kali kwa samaki hasa kwenye maji mepesi, yasiyo na chumvichumvi nyingi. Lazima paa liwe limeoshwa na mvua nyingi.

Mto_Themi:
Mmesahau floraidi. Maji ya Arusha yanaharibu meno ya watu, samaki yatamfanyaje? Achemshe kwanza.

Mama_Tengeru:
Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza, maana maji yanakwenda na yenyewe inabaki. Mkaa wa kawaida nao hauiondoi. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa, ule uliofanyiwa utafiti pale Ngurdoto. Kwa huyu samaki leo klorini ndiyo ya kushughulikia. Chombo kipana, pampu ikivuma ndani yake saa 24. Ndoo iliyosimama kimya usiku mmoja haitoshi.

Sakina_Juu:
Kwa hiyo pampu. Na chumvi kiasi gani?

fundi_pampu:
Nunua diaba la lita 60, uchafu ule ule unagawanywa mara tatu zaidi ya kwenye ndoo. Chumvi gramu 2 kwa lita, yaani gramu 120, ila si kwa mkupuo: gramu 40, baada ya saa 12 nyingine 40, kisha 40. Yeyusha kwanza kwenye jagi. Tumia mizani, kwa sababu kijiko cha chumvi laini na cha chumvi ya mawe havina uzito mmoja. Maji yakikauka jaza maji matupu, chumvi haipandi na mvuke. Ukitoa lita 20 ndipo unarudisha gramu 40. Chumvi pia inazuia nitriti, sumu ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwenye amonia, kuingia kupitia matamvua, na nitriti itakuja tu kwenye sponji mpya.

Mto_Themi:
Chumvi isiwe ya madini joto, inaua.

fundi_pampu:
Haiui. Madini joto yaliyomo ni makumi ya miligramu kwa kilo nzima, kwenye gramu 120 hakuna kitu. Cha kuogopa ni pale sokoni Kilombero chumvi ya mawe na magadi ya makande yakiuzwa meza moja. Onja kabla ya kupima. Magadi yatapandisha pH na kuamsha amonia yote.

Mto_Themi:
Akipona si amwachie tu ziwa Duluti? Kuna nafasi.

Kihamba_Moshi:
Hapana mkuu, tafadhali. Goldfishi anafukua matope, anakula mayai, anabeba minyoo ya matamvua. Na mtoni pia hapana: mto Themi unaingia mto Kikuletwa, na Kikuletwa unakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Bonde hili la Pangani lina samaki wake: perege wa ziwa Jipe ni wa huku tu, na yuko hatarini kweli. Ziwa Chala nalo lina wake ambaye hapatikani kwingine duniani.

Sakina_Juu:
Simwachii popote. Umeme je? Mtaani kwetu unakatika.

fundi_pampu:
Hiyo ni sababu nyingine ya kuikimbia hita. Chukua pampu ya USB. Ya wati moja inakwenda zaidi ya siku nzima kwa pawabenki ya mAh 10,000. Jaribu kwanza, baadhi ya pawabenki zinajizima zikiona mzigo mdogo. Pampu ikae juu kuliko maji, au weka vali kwenye mpira, umeme ukikatika maji yasirudi ndani.

Kihamba_Moshi:
Sponji mpya itachukua wiki nne mpaka sita kuwa hai, yaani kujaa bakteria wanaokula amonia. Nina moja ya zamani, nakutumia kwa basi la Moshi–Arusha. Itakuja na unyevu ndani ya mfuko wenye hewa, usiioshe. Mpaka hapo badilisha theluthi ya maji kila siku, na usimlishe siku mbili.

Sakina_Juu:
Nashukuru sana kaka. Hita nitaifikiria tena, usiku joto la chumbani linashuka mpaka nyuzi 16. Siku ya tatu naweza kumpa njegere za kopo?

Mama_Tengeru:
Mbichi za sokoni. Chemsha mpaka zilainike, menya ganda, moja tu uipasue vipande vinne. Akiacha kipande dakika mbili, kitoe.

Mto_Themi:
Na mkate?

Mama_Tengeru:
Mkate hapana.